Kiatu Kilichonisemea

Viatu vyangu vya mbio vilitoka kwa mtumba, soko la Kikima, na kile cha kulia kilianza kufungua mdomo kabla hata sijakizoea. Soli iliachana na kiatu pale mbele kwa vidole, na kila nikikanyaga ilipiga barabara, pa. Mguu wa kushoto kimya, wa kulia pa. Wasichana wa klabu walisema nakimbia kama mtu anayepiga chapati kwa meza. Nahodha wetu alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Chapati zinaiva?" Wengine walicheka, na mimi nilicheka kidogo kwa pua na kuendelea.

Mimi si mtu wa kuongea. Nasema hili mapema kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo, lakini likifika kooni linakaa. Nyumbani naongea na mum, na nikiwa peke yangu naongea na ng'ombe. Nilijiunga na klabu nikiwa Form Two kwa sababu nilidhani kukimbia ni kitu ambacho mtu anaweza kufanya mwaka mzima bila kufungua mdomo.

Klabu yetu ni ndogo. Kochi alikuwa mkimbiaji zamani, na siku hizi anachomelea milango ya chuma kwa kibanda kilicho nyuma ya soko. Likizo ya Agosti mwaka huu wasichana tulikuwa watano. Nahodha amemaliza Form Four na anamsaidia mama yake kuuza mboga. Halafu kuna mapacha wawili wa ng'ambo ile nyingine ya mlima, wanaofanana sura na hawajawahi kukubaliana jambo lolote. Halafu mimi. Wa tano alikuwa msichana wa Tawa, kule chini kwenye joto, ambaye likizo hukaa kwa shangazi yake Kikima ili afanye mazoezi na sisi.

Mwisho wa likizo kulikuwa na mbio za nyika za vilabu, Kitui. Kila klabu ilipeleka wasichana wanne, na wote wanne wanahesabiwa: unajumlisha nafasi walizoshika, na klabu yenye jumla ndogo inashinda. Nahodha na mapacha walikuwa wameshapita, hilo halikuwa na mjadala. Nafasi ya wa nne ilikuwa kati yangu na msichana wa Tawa. Niliitaka. Niliitaka mpaka usiku nikifunga macho nilijiona nimevaa ile fulana ya kijani ya klabu ambayo inavaliwa mashindano tu. Lakini sikumwambia mtu.

Wiki yetu ya likizo ilikaa hivi. Jumatatu tulikimbia polepole barabara ya juu, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwa mikaratusi na mikono inauma kwa baridi. Jumanne ni kupanda. Tulianzia kijitoni, tunapanda njia ya matuta mpaka kwa tanki la kanisa, tunashuka, tunapanda tena, na Kochi amesimama juu na miwani yake ya kuchomelea kwa kipaji cha uso, hasemi kitu mpaka mtu aanze kutembea. Jumatano ni kupumzika. Mum anasema kupumzika ni kwa watu wasio na ng'ombe, kwa hivyo mimi Jumatano nilikata majani na kuchota maji. Alhamisi tulishushwa na pikapu inayopeleka kabichi Tawa, tumekaa juu ya kabichi, tukakimbie kwa mchanga wa mto uliokauka. Ijumaa kidogo tu, kulegeza miguu. Jumamosi mbio ndefu. Jumapili hakuna mtu anakimbia, hata Kochi, ambaye huimba besi kwa kwaya na hupenda kushikilia sauti wengine wakishamaliza.

Kochi ana sheria moja anayoipenda kuliko zote: hakuna kuangalia nyuma. Anasema yeye mwenyewe aliwahi kuangalia nyuma mara moja tu kwa mashindano, upande wa kushoto, akaona hakuna mtu, akafurahi, na aliporudisha uso mbele watu wawili walikuwa wameshampita kulia. Sasa kwa milima yetu njia ni kona tupu. Ukipinda, ua na matuta yanakuficha, na wa mbele hawajui kama wa nyuma yuko au amekufa. Kwa hivyo wa nne ndiye huita. Kila kona anasema "niko", kwa nguvu, na wale watatu wanaenda. Asiposema, wanapunguza.

"Wa kwanza anakimbia na miguu," Kochi alituambia. "Wa nne anakimbia na miguu na mdomo. Mkiwa watatu tu mbele, hiyo si timu, hao ni watu wanatembea sokoni."

Jambo lingine ni kwamba si Kochi anayemchagua wa nne. Wale watatu ndio humchagua, kwa sababu ndio watakaokuwa mbele yake. Wanamchagua kwa mdomo, baada ya mbio ndefu ya mwisho, wote tumekaa pamoja na chai. Hakuna kupiga kura kwa karatasi. Anayeachwa anasikia, na anayechaguliwa anasikia.

Mimi sikuwahi kusema "niko" hata mara moja. Sikuhitaji. Kiatu kilikuwa kinanisemea. Kona ikifika, pa, pa, pa, na nahodha anauliza chapati, na tunaenda. Hata Kochi aliacha kunikumbusha. Na nitasema ukweli: nilijua soli inazidi kuachana, na gundi ilikuwa nyumbani, na sikuipaka.

Jumatatu ya wiki ile ya kuchaguliwa, mum alichukua kiatu akakipeleka kwa fundi. Mimi nilikuwa nimeenda kusaga mahindi. Niliporudi nilikikuta mlangoni kimekaa pamoja na mwenzake, kimeoshwa. Fundi alikuwa amekishona kwa uzi wa nailoni mweusi kuzunguka mbele yote, na chini ameongeza kipande cha tairi. Hakikuwa kiatu cha kuachana tena.

Lazima niseme kitu kuhusu mum. Yeye ni mama wa kanisa, na nilipoanza klabu jambo lililomsumbua ni kaptura. Nilikubali kukimbia na sketi juu ya taitsi, na tukaachia hapo. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniuliza nimekimbiaje. Nikirudi husema, "Maji ya kuoga yako jikoni," basi. Sasa alikuwa amesimama na mikono kiunoni anangoja nivae.

"Jaribu," akasema.

Nikavaa, nikaenda mpaka kwa zizi na kurudi. Hakuna sauti.

"Kinabana?"

"Hakibani."

"Wanawake wa kanisa wameniambia unaenda Kitui. Huwezi kwenda Kitui na kiatu kinacheka."

"Bado sijachaguliwa, mum."

"Basi sasa watakuchagua," akasema, akaingia jikoni.

Kesho yake, Jumanne, tulipanda kutoka kijitoni. Nilikuwa wa nne, karibu kabisa na pacha mkubwa, yule aliyezaliwa mbele na haachi kutukumbusha. Msichana wa Tawa alikuwa wa tano, nyuma kidogo. Kona ya kwanza, kimya. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na pumzi, si hiyo iliyokosekana. Ni kwamba neno lenyewe likitoka, watu wote watajua ni mimi nimelitoa, na hakuna pa kulirudisha. Nikafunga mdomo.

Nahodha akapunguza. Kona ya pili akapunguza zaidi, na pacha mkubwa akavunja sheria akageuka. Pua zetu zilikuwa karibu kugongana.

"Mwiitu!" akasema kwa Kikamba, yaani msichana we, akajishika kifua. "Umetoka wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi? Unatembea kama paka. Chapati zimeenda wapi?"

Nikamwonyesha kiatu. Wote walisimama katikati ya mlima wakakiangalia kiatu changu, na msichana wa Tawa akafika akapitia katikati yetu akipumua. "Kwani kuna mkutano?" akauliza, akaendelea kupanda.

Kochi alikasirika kwa sababu tulisimama. Tulipofika kwa tanki aliniita kando, lakini sauti yake si ya kando, wote walisikia. "Kiatu ni kizuri," akasema. "Fundi ameshona vizuri. Sasa ni wewe utasema. Kama husemi, hao hawajui uko. Na kama hawajui uko, watakimbia nusu nusu, na Kitui haitaki nusu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaona?" akasema. "Hata hapo umetumia kichwa."

Nilijaribu. Jumatano nikikata majani nilimwambia ng'ombe "niko" mara nyingi, na kwa ng'ombe ilitoka vizuri, hata akaacha kula akaniangalia. Jioni mum aliuliza ni nani naongea naye huko. Nikasema naimba.

Alhamisi kwa mchanga watu hukimbia sambamba, mto ni mpana, hakuna kona na hakuna kuitana. Mimi mtoto wa milimani mchanga huninyonya miguu. Siku ya kwanza kabisa nilipoletwa hapo nilichagua pale penye mchanga laini unaong'aa, nikidhani laini ni vizuri, na nilizama mpaka kwa vifundo. Ni msichana wa Tawa aliyenifundisha. Alinipita, akarudi nyuma, akasema, "Wacha kukimbia hapo pazuri. Fuata punda." Punda wanaobeba mitungi kutoka kwa visima vya mchanga hupita njia moja kila siku, na hapo chini pameshikana. Pana kinyesi chao, lakini pameshikana. Tangu hapo nafuata punda. Haikuwa lazima aniambie, maana hata wakati huo tulijua tunatafuta nafasi moja.

Yeye ana sauti. Kwao nyumba iko upande huu wa mto na shamba upande ule, na wanaitana kutoka ng'ambo tangu akiwa mdogo. Kochi husema akiita Tawa wanaitika huku juu Mbooni. Shida yake ni milima. Anaanza vizuri halafu mlima unamla kidogo kidogo. Lakini hata ukimla, sauti haipungui, na nahodha aliwahi kukimbia kona tatu akijua yuko karibu, kumbe yuko mbali chini huko anaita tu. Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka kuliko sisi wote.

Sasa Jumamosi. Pikapu ya kabichi ilitushusha asubuhi mpaka mtoni. Mbio ndefu ya mwisho ilianzia kwa mchanga na kuishia sokoni Kikima, na kutoka mtoni mpaka sokoni ni kupanda tu. Kochi alifuata na boda boda, amekumbatia mtungi wa maji.

"Mtu wa nne anaita," akasema kabla hatujaanza. "Awe nani, shauri yake. Wa nne anaita."

Kwa mchanga msichana wa Tawa alinipita, na sikushangaa. Barabara ilipoanza kuinuka nilimpita mimi. Hapo nikawa wa nne, na kona ya kwanza ilikuwa inakuja, ile yenye ua wa mlantana na banda la kuku. Nilijiambia, sema. Tukapinda. Sikusema. Nahodha akaanza kupunguza, nikaona mabega yake yanashuka.

"Niko!" msichana wa Tawa akaita kutoka nyuma yangu.

Wale watatu wakaenda. Walidhani wa nne ni yeye. Kona iliyofuata ikawa vivyo hivyo, mimi kimya, yeye "niko", na wao mbio. Niliona ninachukuliwa nafasi nikiwa nimekaa ndani yake, na sikuweza kusema ananichukulia kitu, kwa sababu mimi sikuwa nimekitumia. Nilikuwa nyuma ya pacha mkubwa, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Ningeweza hata kumgusa begani. Sikumgusa. Mtu akisoma hapa ataona ni ujinga, na hata mimi nikiandika naona ni ujinga.

Tulipofika pale barabara inapozidi kuinuka, juu ya mashamba ya migomba, nilisikia sauti yake imekuwa ya mbali. Bado ilikuwa kubwa, lakini ilitoka chini ya kona mbili. Halafu kona iliyofuata sauti haikuja.

Nahodha akapunguza. Akapunguza tena, mpaka ikawa karibu kutembea. "Amepotea," akasema. Pacha mdogo akasema tumngoje, pacha mkubwa akasema tusingoje, na hakuna aliyegeuka. Sheria waliishika siku hiyo ambayo ningetaka waivunje. Mimi nilikuwa nyuma yao nakanyaga mahali walipokanyaga, na kiatu changu cha tairi hakisemi chochote.

Ndipo sauti ikatoka chini kule.

"Yuko! Yuko hapo nyuma yenu! Mimi ndio siko! Endeni!"

Mlima wote ulisikia. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya majani ya ng'ombe kwa matuta aliinuka akatuangalia, halafu akaangalia chini kutafuta anayeita. Mabega ya nahodha yakapanda. Hakuuliza ni nani yuko. Akaenda, mapacha wakaenda, na mimi nikaenda nao mpaka sokoni, na hapo mwisho nilikuwa nimempita pacha mdogo bila kukusudia.

Chai ilikuwa nyuma ya kibanda cha Kochi, kati ya milango ambayo haijapakwa rangi. Dada yake Kochi alileta isyo kwa sufuria kubwa, mahindi na maharagwe, na tulikuwa tumeshaanza kula msichana wa Tawa alipofika. Alikaa chini, akavua viatu, akamwaga mchanga. "Nimebeba mto wote," akasema.

Kochi akawaambia wale watatu waseme.

Pacha mkubwa alianza. "Mimi namtaka wa Tawa. Huyu mwingine akianguka kwa mtaro tutajua siku ya mazishi."

"Mimi namtaka huyu," akasema pacha mdogo. "Mlima wote alikuwa kwa visigino vyetu. Mimi nilikuwa nasikia pumzi nikadhani ni yako."

"Yangu haisikiki."

"Yako inasikika mpaka nyumbani."

Ikabaki nahodha. Alikuwa anatafuna polepole. Hakuniangalia mimi, alimwangalia msichana wa Tawa.

"Kwa nini uliita yuko?"

"Kwa sababu alikuwa."

"Ungenyamaza tungekungoja mpaka utufikie, na huyu hasemi. Ungeenda Kitui."

"Ningeenda, halafu nini? Kitui pia si kuna mlima? Mngekuwa mnaningoja huku watu wanapita." Akachukua isyo kwa kijiko. "Na zile kona za kwanza niliita nikidhani ataona haya aseme mwenyewe. Huyu haoni haya ya kawaida. Yake ni ya gunia zima."

Walicheka. Nahodha akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Hapa hapakuwa na kona wala kiatu. Watu sita waliacha kutafuna. Nilikuwa na kikombe mikononi na nilikiangalia, na nikajua nikiitikia kwa kichwa itakuwa imeisha, na fulana ya kijani itavaliwa na mtu ambaye amesema mbele yangu kwamba hawezi mlima.

"Nataka kwenda," nikasema.

Ilitoka na mikwaruzo, na katikati ilikatika, lakini ilitoka. Nikaongeza, kwa sababu ilikuwa imeshafunguka, "Nimetaka tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana," nahodha akasema. "Na unatuambia leo." Akamaliza kutafuna. "Sawa. Namtaka huyu. Lakini kutoka Jumatatu kila kona nasikia sauti. Nisiposikia moja, moja tu, narudisha neno langu, na huyu wa Tawa anavaa."

"Mimi nitakimbia nyuma yake," akasema msichana wa Tawa. "Asiposema namchoma na mwiba."

Kochi alisema hakuna kuchomana kwa klabu yake. Halafu akasema chai ni ya kunywa, si ya kushikilia, na hiyo ilikuwa ni kwangu.

Jumapili baada ya kanisa mum aliniuliza kama viatu vilinisaidia. Nikamwambia vilinisaidia. Ni kweli pia, ile tairi inashika mlima vizuri. Akasema, "Nilijua," na kwa njia ya nyumbani alitembea mbele yangu akiwasalimia watu kwa sauti kuliko kawaida.

Jumatatu tulikuwa barabara ya juu, ukungu mzito, huoni hata mtu wa pili. Nilikuwa wa nne na nyuma yangu nilisikia miguu ya msichana wa Tawa. Kona ya kwanza ni pale kwa tanki la kanisa. Tulipopinda nikasema, "Niko." Ilikuwa ndogo, kama kifaranga.

"Toa kwa tumbo," akasema wa Tawa nyuma yangu.

"Niko," nikasema tena, na hii ilienda mbele kwenye ukungu, nikaisikia ikienda.

Halafu nahodha, bila kugeuka, akauliza kutoka huko mbele, "Chapati zinaiva?"

"Zimeiva," nikasema.

Pacha mmoja alicheka, sijui ni yupi, na nahodha akaongeza mwendo.